Nani Anakwenda Kuiamsha Shelui?

Nyuma ya ofisi ya kampuni moja ya kukamua alizeti, mjini Singida, kulikuwa na taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, na hilo ndilo lililokuwa benchi. Lilifika pale mwaka ambao reli ilipunguza wafanyakazi: akapungua mzee Kefa, likapungua na taruma moja, na hakuna aliyekwenda kuuliza kama mapungufu hayo mawili yanafahamiana. Kefa alikuwa mkuu wa stesheni njia ya Manyoni kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo kijiweni aliitwa Stesheni, jina ambalo hakuna aliyeweza kulipunguza. Kulia kwake alikaa Alute, mchimba visima, aliyepasua majabali ya mkoa huu mpaka masikio yake yakabaki ya mapambo. Huyo ni Baruti. Kushoto alikaa Calist wa mitumba, ambaye tangu serikali ilegeze biashara hapakuwa na jambo duniani asiloweza kulieleza kwa ushindani, hata ugomvi wa ndoa. Huyo ni Soko Huria. Mbele yao, juu ya kigoda, birika likiwa juu ya mkaa, alikaa mama Damari, aliyeamua nani aongezewe kahawa na nani asubiri uchumi utengemae. Walimwita Gavana. Na juu ya vichwa vyao wote kulikuwa na dirisha la chumba cha kompyuta, na Ijumaa hiyo ya mwezi wa saba, mwaka 2003, saa nane na nusu mchana, upepo ukivuma kana kwamba umetumwa na mtu, dirisha hilo lilitoa sauti.

— Imekufa tena!

— Nani? alishtuka Baruti. Yule wa kwanza tulimzika lini?

— Shelui, baba Alute. Shelui ndiyo imekufa.

— Shelui yote?

Kefa aliweka kikombe chini, akaangalia saa yake. Sauti ile ilikuwa ya Selina, kitindamimba wake, fundi wa kompyuta wa kampuni kwa miezi mitatu ya majaribio, na miezi hiyo ilikuwa inaisha siku hiyohiyo. Asubuhi meneja, Bwana Chediel, alikuwa amesema mbele ya wafanyakazi wote, tena kwa upole, jambo ambalo ndilo lilitisha: “Ikifika saa kumi sijaliona tawi la Shelui kwenye kompyuta yangu, Jumatatu mashine zinarudi kwenye maboksi, karatasi zinarudi kwenye basi, na wewe binti unarudi kwa baba yako.” Kefa hakuwa na neno na mtoto kurudi. Nyumba ipo, ugali upo. Ila yeye mwenyewe aliwahi kurudi nyumbani Ijumaa saa kumi na boksi mkononi, na alijua kwamba boksi lile, hata ukiliweka chini, mkono unakaa siku nyingi bado umelikumbatia.

— Mtoto toka nje unywe kahawa, alisema Gavana. Hiyo Shelui iliyokufa haitakimbia.

Selina alitoka. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya kazini, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepepeta ulezi kwenye upepo.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, kila mmoja kwa cheo chake.

— Sasa tueleze, alisema Gavana akimmiminia. Lakini kwa Kiswahili cha kahawa. Usituletee kile cha chuo.

— Hapa ofisini kuna kisanduku kinaitwa lango, alianza Selina. Habari yoyote inayotoka au kuingia inapita hapo, na lango ndilo linaloamua hii ipite njia gani, ile ipite njia gani. Shelui, tunakopokea alizeti ya wakulima, nako kuna lango. Katikati ni mtandao wa watu wote, tunaufikia kwa dishi. Ni barabara kuu, kila mtu anapita. Ili habari zetu zisichunguliwe, tumepitisha handaki humohumo barabarani. Mdomo mmoja hapa, mdomo mmoja Shelui.

Baruti alisogea mbele. Sikio lake la kulia lilikuwa limefufuka.

— Handaki? Mita ngapi kwenda chini?

— Si la kuchimba, baba. Ni namna ya kufungasha. Unachukua barua yako, unaitia ndani ya bahasha nyingine, juu ya bahasha ya nje unaandika anwani ya mdomo wa pili. Ikifika kule wanafungua ya nje, wanakuta yako haijaguswa.

— Najua si la kuchimba, mimi si mjinga, alisema Baruti. Nauliza mita ngapi kwenda chini.

— Mwache amalize, wewe! alifoka Kefa. Endelea, mwanangu.

— Linafunguka vizuri, linakaa sekunde arobaini, linakufa. Linatulia kidogo, linafunguka tena lenyewe, sekunde arobaini, linakufa. Hivyo hivyo tangu juzi Jumatano.

— Sekunde arobaini, alisema Gavana akitikisa kichwa. Huo ndio muda mwanamume anaoweza kumsikiliza mtu. Hiyo mashine ni ya kiume. Mimi nimemaliza, wengine waseme.

Soko Huria alikohoa kama mbunge.

— Tatizo ni ushindani. Zamani simu ilikuwa moja tu, neno likitoka Singida linakwenda peke yake limekaa kifua mbele kama bwana harusi. Leo kampuni za simu ngapi? Maneno yamekuwa mengi hewani kuliko nafasi. Neno la Shelui likikutana na neno la Dar es Salaam, la Dar linapewa siti, la Shelui linashushwa Misigiri na mzigo wake.

— Linashushwa na nani? aliuliza Kefa.

— Na soko lenyewe! Soko halina kondakta, Stesheni, ndiyo maana wewe hulielewi.

— Uongo, alisema Baruti. Misigiri linapita salama. Kinachomaliza ni Sekenke. Ule mteremko lori lenyewe linashuka huku dereva anasali dini mbili. Sasa neno halina breki, halina gia, linashuka Sekenke na mwendo ule, likifika chini Shelui linapitiliza, linakwenda kusimama Nzega.

— Nzega watalifanyia nini?

— Watajuaje ni letu? Watalitumia.

— Na lile linaloshindwa kufika hata Nzega? aliuliza Soko Huria kwa kejeli.

— Linadondoka kwenye mashimo. Wakoloni walichimba dhahabu kule, wakaondoka, mashimo wakayaacha wazi. Siku mtu akishuka na kamba yangu atakuta humo chini hesabu zote za alizeti tangu Jumatano, na salamu za watu, na matangazo ya vifo, yote yamelala yanangoja. Tena mwamba wa kule una sumaku. Mimi umewahi kuninyang'anya nyundo mkononi.

— Ilikuponyoka.

— Ilichukuliwa!

Selina alicheka, na Kefa akamwangalia akicheka, akaangalia tena saa. Saa tisa na dakika tano.

— Dawa yake ni ndogo, alisema Soko Huria. Ununue lango la pili, uliweke hapo pembeni, lisifanye kazi yoyote, likae tu linatazama. Hili la kwanza likiona kuna mwenzake anaitaka kazi, hutasikia limekufa hata siku moja. Ndivyo nchi inavyojengwa sasa hivi.

— Nilijengwa hivyo mimi, alisema Kefa. Nikaletwa hapa nilipo.

Gavana akamwongezea kahawa bila kuombwa. Kefa hakupenda kuhurumiwa, akasimama, akajinyoosha kama bado ana kofia ya kazi kichwani.

— Nyinyi wote mmesema upuuzi, na upuuzi wa Baruti ndio mrefu zaidi. Ugonjwa wa hiyo mashine naujua. Haiombi njia. Kule kwetu treni haiondoki stesheni mpaka niulize stesheni ya mbele: njia iko wazi? Wanijibu: iko wazi. Ndipo dereva namruhusu. Wasipojibu, treni inalala hapo, hata kama ndani kuna bibi harusi. Hilo lango linatupa barua kwenye handaki bila kujua kama kule mwisho kuna mtu.

— Linauliza, baba, alisema Selina taratibu. Kila sekunde kumi linauliza: upo? Mwanzoni Shelui inajibu, halafu majibu yanakoma.

Kefa akakaa.

— Basi kuna kitu kilibadilishwa Jumatano. Treni haijifunzi kuanguka yenyewe.

Selina alizungusha kikombe mkononi.

— Nilibadilisha mimi. Zamani njia zote niliziandika kwa mkono, moja moja. Matawi yakiongezeka hiyo haiwezekani. Jumatano nikayaruhusu malango yapashane habari yenyewe: kila moja linamtangazia mwenzake, mimi nafika huku na huku na huku, ukiwa na mzigo wa huko nipe mimi. Halafu nikakumbuka ulivyosema Jumanne wakati wa kula.

— Nilisema nini?

— Stesheni hutangaza kila kitu. Anayeficha njia moja ameua watu.

— Mmesikia? alipaza sauti Kefa, akawapiga wenzake magoti, huyu na huyu. Mmesikia jinsi mtoto anavyolelewa? Nyinyi wenu mmewafundisha nini? Tangaza yote! Mtandao wa Singida unaendeshwa kwa sheria za Stesheni!

— Ndiyo maana umekufa, alisema Gavana.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amekata kona ya ukuta, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, bahasha ya kaki kifuani ameikumbatia kwa mikono miwili. Alisalimia, akapewa nafasi mwisho wa taruma. Jina lake Luciana, mkulima wa Shelui. Karani wa tawi la kule, Gabrieli, alikuwa amemwomba, kwa kuwa anakuja mjini kwa lori, alete orodha ya wakulima waliopokewa wiki hii, maana kompyuta imegoma. Mlinzi wa mbele amemwambia asubiri huku nyuma.

— Ndiyo hiyo imegoma, alisema Soko Huria akionyesha dirisha kwa kidole. Tunaitibu hapa.

Luciana alisikiliza. Alisikiliza kuhusu Misigiri, akasikiliza kuhusu Sekenke, ambako alipita saa mbili zilizopita na hakuona neno lolote limelala barabarani. Alisikiliza lango linalouliza upo, na handaki linalokufa na kufufuka. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi:

— Samahani, mimi si mtu wa mambo hayo. Hilo handaki likishakufa, nani anakwenda kuliamsha? Na huyo anayekwenda anapita wapi?

Soko Huria alitazama juu, kwenye upepo, akaona hakuna msaada. Kefa alijipapasa mfuko wa shati kama jibu huwa analiweka humo.

— Anapita… alianza Soko Huria. Anapita hivi.

— Hivi wapi? Nauliza kwa sababu handaki lenyewe limekufa, hawezi kupita humo.

— Hapiti humo, mama, alisema Selina. Anapita barabara kuu, kwa dishi. Bahasha ya nje ndiyo inayomfikisha, ina anwani ya mdomo wa pili, na kuufikia mdomo wa pili lazima upite nje, kwa…

Kikombe kikabaki hewani.

— Mpaka Shelui imwambie apite kwingine, alisema polepole.

— Imwambie vipi? aliuliza Luciana.

— Nimeiruhusu itangaze kila anwani iliyonayo. Kila anwani! Na anwani ya mdomo wa handaki nayo ni yake. Handaki likifunguka tu, tangazo linakuja: jamani, ukitaka kuufikia mdomo wa handaki, pitia ndani ya handaki, huku ni karibu. Na lango letu linaamini! Linaacha barabara, linageuka, linaanza kuufuata mdomo wa handaki kwa kupitia handaki. Bahasha inaingia ndani ya bahasha, inaingia ndani ya bahasha, haitoki. Lango linauliza upo, na swali lenyewe limekwama humohumo. Sekunde arobaini linasubiri jibu, halipati, linasema Shelui imekufa. Handaki likifungwa, tangazo nalo linafutika, lango linarudi kwenye dishi, linaiona Shelui iko hai…

— Linafungua tena, alisema Luciana.

— Linafungua tena.

— Na wanaambiana tena ule ujinga, mtoto wangu, alimalizia Gavana.

Baruti alikuna kichwa kwa mikono miwili.

— Yaani ni kama mtu anataka kuingia kisimani, wanamwambia ngazi iko chini kisimani, shuka ukaichukue.

— Hivyo hasa, baba Alute.

Rangi ilikuwa imemtoka Kefa. Alikuwa ameona stesheni yake, asubuhi, treni imesimama, na yeye Kefa mwenye kofia anaandika barua ya kuomba njia kwa stesheni ya mbele, anaikunja vizuri, anampa dereva wa treni ileile inayongoja ruhusa hiyo ndipo iondoke. Anampungia mkono. Anasubiri jibu. Anasubiri miaka ishirini na sita.

— Selina, alisema. Nimekuua mimi.

— Baba!

— Nilikwambia tangaza yote. Nimejisifu hapa, nimewapiga watu magoti.

— Magoti yangu bado yanauma, alisema Soko Huria, lakini kwa sauti ndogo.

— Sikiliza, mwanangu. Tulitangaza treni, tukatangaza mizigo, tukatangaza na ng'ombe aliyelala relini. Lakini ule waya wa kuombea njia hatukumtangazia mtu. Ulikuwa na nguzo zake, pembeni ya reli. Haukupanda treni hata siku moja. Treni ianguke, reli ing'oke, mvua isombe daraja, waya uko kwenye nguzo zake unaongea. Nilisahau kukwambia, kwa sababu… ulikuwepo tu. Nani anautaja waya?

Selina alimtazama. Halafu akamkabidhi Luciana kikombe ambacho hajakinywa, akakimbia mlangoni, kanga ikapeperuka ikabaki kwenye komeo. Kupitia dirishani wakasikia kiti kinavutwa, na vidole vinashuka kwenye vitufe kama mvua ya kwanza kwenye bati.

— Unafanya nini humo? aliita Soko Huria.

— Naandika kwa mkono njia moja tu! alijibu. Mdomo wa Shelui: dishini, siku zote, hata aje nani aseme vingine! Na lango letu nalikataza lisiutangaze mdomo wake kwa Shelui, nao wasije wakaamini ujinga uleule kutoka kwetu!

— Na mengine?

— Mengine yatangazwe!

Saa kumi kasoro dakika saba. Gavana alipindua birika, likatoa nusu kikombe na masimbi meusi yaliyotuama chini. Akamwongezea Luciana, na hakuna mwanamume aliyelalamika, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Ndani, mlango mwingine ulifunguliwa. Viatu vya Bwana Chediel vilikuwa na chuma kisiginoni, kila mtu mjini alivijua. Vilikuja mpaka katikati ya chumba, vikasimama.

— Limefunguka! alisema Selina. Bosi, naomba sekunde arobaini.

— Hizo nimeshaziona mara nyingi, binti.

— Basi naomba arobaini na moja.

Benchi likaanza kuhesabu. Hakuna aliyepanga. Kefa alihesabu kwa midomo bila sauti, Soko Huria kwa vidole, Luciana kwa kugonga bahasha. Baruti alihesabu kwa sauti, lakini kwa kuwa hasikii vizuri alikuwa anahesabu kwa mwendo wake, na wenzake walipofika arobaini yeye alikuwa thelathini na nne, anapanda taratibu kama mtu anayetoka kisimani. Arobaini na moja ikapita. Arobaini na tano. Hamsini. Hakuna aliyethubutu kupumua, kwa sababu Baruti alikuwa bado hajafika, na hakuna aliyetaka kufurahi kabla yake.

— …thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja! Mbona mmenyamaza? Limekufa?

— Kelele! walisema wote.

Dirishani, sauti ya Bwana Chediel:

— Hiki kinachojiandika hapa ni nini?

— Ni Shelui, bosi. Ni Gabrieli, karani.

— Anasema nini?

— Anauliza kama mama Luciana amefika salama.

Luciana alisimama wima kwenye vumbi, bahasha mkononi, akapayuka kuelekea dirishani kana kwamba Shelui iko nyuma ya pazia:

— Mwambie nimefika! Mwambie na kahawa nimekunywa!

Vitufe vikagonga. Vikagonga tena, na safari hii aliyecheka alikuwa Bwana Chediel, kicheko kifupi, kama mtu aliyekikuta mfukoni bila kutegemea.

— Anasema lori linarudi saa kumi na moja, usilikose, alisema Selina. Amezungumza na dereva.

Kefa alisubiri maneno ya meneja. Alisubiri asikie hongera, au umepita, au hata vizuri tu. Dakika mbili, tatu, nne, na Shelui ilikuwa bado inaandika. Kilichosikika ni viatu vyenye chuma vikielekea mlangoni, na sauti inayoondoka:

— Tawi jipya la Mtinko nalo limeshafungiwa dishi. Jumatatu mapema, binti. Uje na viatu vya shambani.

Kefa alikaa chini juu ya taruma lake. Jumatatu. Neno hilo lilikuwa kubwa kuliko hongera, na aliligeuza mdomoni mara mbili tatu kama kipande cha kashata ambacho hutaki kiishe.

Soko Huria tayari alikuwa ameanza kueleza kwamba Mtinko ushindani utakuwa mkali zaidi, na Baruti anaapa kwamba kule udongo ni laini, handaki litakwenda hata mita sita kabla ya kukutana na jiwe. Gavana alikuwa anamwaga masimbi kwenye shina la mpapai. Luciana alikabidhi bahasha yake dirishani, ingawa sasa haikuwa na haraka, akajipangusa vumbi, akaaga. Alipofika kwenye kona akageuka.

— Samahani, naona anawaita wazee baba, na huyu mama naye amemwita mtoto. Yule binti ni wa nani hasa?

— Wangu! walijibu wote wanne kwa pamoja.

Na Kefa, aliyekuwa na haki zote za kubisha, akatazama dirisha, hakubisha.